Leo Nimeuza Mjapani Wangu

Jumamosi. Rasharasha tangu alfajiri, mtaa wetu wote wa Naguru umelowa, na mimi nimekaa sebuleni sisikii kitu. Si huzuni, si nafuu. Ganzi tu, kama fizi baada ya sindano ya kung'oa jino.

Nimeuza gari.

Wanaonijua wanalijua: jeupe, la Kijapani, turbo, gia za mkono. Lilikuja na nguvu zake, nami nikaliongezea. Springi fupi, breki kubwa, bomba la moshi ambalo majirani walililaani mpaka wakachoka. Oili nilibadilisha kabla haijachafuka. Mke wangu, Zulfa, husema mimi nikiugua nameza vidonge na kulala, gari likikohoa naitisha mkutano.

Zulfa nilimwambia nauza kwa sababu petroli imepanda. Akasema sawa, wala hakuuliza mara ya pili. Nikamshukuru Mungu.

Ukweli ni macho. Daktari anasema ni presha ya macho. Mbele naona vizuri, hata namba ya gari la mbali naisoma. Pembeni ndiko kunakoliwa, kushoto zaidi. Wiki chache zilizopita, pale Wandegeya, boda ilitokea kushoto ikiwa imebeba mwanafunzi. Sikuwaona kabisa mpaka niliposikia kioo cha pembeni kikipasuka. Hawakuumia. Yule mwanafunzi alinitukana matusi niliyostahili. Nilirudi nyumbani polepole, nikaegesha, na tangu siku hiyo sijagusa usukani.

Mnunuzi amekuja asubuhi. Okello, askari polisi kijana, anakaa kambini hapa hapa Naguru. Salamu hazijaisha, kiganja chake kiko juu ya boneti. Anayejua magari hufanya hivyo: akikuta injini ya moto, anajua mwenye gari ameipasha mapema ili kuficha inavyosumbua ikiwashwa baridi. Ya kwangu ilikuwa baridi. Akatabasamu.

"Haya, mzee. Endesha kwanza, mimi nisikie."

Ndiyo desturi yetu. Mwenye gari anaendesha kwanza, mnunuzi anakaa kando kimya akisikiliza, halafu wanabadilishana. Nilikuwa nimeosha, nimepangusa, nimekagua hadi upepo wa tairi ya akiba. Hili nililisahau kabisa. Mjinga mimi!

Nikamrushia ufunguo, nikamwambia aendeshe yeye.

Akaudaka lakini hakusogea. "Gari ni yako na wewe hapana taka endesha? Iko na nini?"

Nikasema haina kitu. Akazunguka, akainama, akachungulia chini. Akawasha, likaitikia mara moja, likanguruma vizuri, na ndivyo alivyozidi kushuku. Mwenye mali anaogopa mali yake! Akasema giaboksi lazima iko na shida, tena kubwa, na mimi nataka kumwuzia maiti.

Mengi naweza kuvumilia kusingiziwa. Kwamba gari langu ni bovu, hapana.

"Gari ni zima, afande," nikamwambia. "Mbovu ni mimi."

Nikamweleza yote, tumesimama kwenye mvua kama wehu. Alikuwa mtu wa kwanza kuyasikia kutoka kinywani mwangu. Akafuta uso.

"Pole, mzee. Ingia. Mimi naendesha, wewe unisikilizie."

Tukashuka mpaka barabara ya Port Bell. Barabara ilipofunguka nikamwambia weka gia ya tatu, kanyaga. Turbo ikashika, migongo yetu ikabandikwa kwenye viti, Okello akacheka kama mtoto. Mimi nilikisubiri kile kitu cha kifuani ambacho huja kila mara. Hakikuja. Tuliporudi nilikumbuka tu kumwambia asizime haraka, aache injini ingurume kidogo turbo ipoe. Akatii. Bei akakubali ile ile, tukashikana mikono, akaondoka na gari.

Zulfa alikuwa mlangoni. Nikaona aibu kwamba askari wa kambini anajua na mke wangu hajui. Nikamwambia pale pale, kwa mkato.

"Najua, Baba Shamim," akasema. "Unafikiri kwa nini kila tukitoka nasema boda kushoto, mtoto kushoto, mbuzi kushoto?"

Nilidhani ni woga wake. Siku moja hata nilimwambia kama anaogopa ashuke apande teksi.

Nikamwuliza kwa nini hakusema kitu. Akasema, "Ungeliuza kwa sababu yangu. Ungeninunia mpaka kaburini."

Hapo ndipo nimesikia kitu kwa mara ya kwanza leo. Hasira, astaghfirullah. Nimemfokea kwamba ningeweza kumwua, kwamba mtu mwenye akili hafanyi hivyo. Ameingia jikoni, namsikia anakatakata vitunguu.

Hasira nayo imeshapoa. Kuhusu gari bado sisikii kitu. Ninachowaza ni kiti kile cha kushoto, upande nisioona, upande ambao kitu chochote kingetupiga kwanza. Alijua, na kila nilipowasha alifungua mlango, akakaa pale pale.

Mtu wa namna hiyo unamwomba radhi kwa maneno gani?