Mwanangu Amenizika Sokoni

Shoga, uko hapo? Mwanangu amenizika! Mimi, mzima, na viatu vipya miguuni!

Leo mkamwana wangu kanipeleka soko la kazi za mikono la huku ughaibuni. Naona vikapu, moyo ukaruka. Vyangu! Si unajua nasuka kwa mkono wa kushoto, mistari yangu inazunguka kinyume? Ni vile nilivyowatumia wajukuu, kila mmoja na chake.

Nikauliza nani kavisuka. Muuzaji akajibu, mkamwana akanitafsiria, maskini, hana habari: "Mama, anasema bibi aliyevisuka alishafariki, ndiyo maana ni ghali."

Alishafariki! Shoga, alishafariki!

"Hebu muulize nani kamwambia."

"Anasema mtoto wa marehemu, ndiye anayemletea..." Hapo mkamwana akanivuta mkono tuondoke.

Macho yangu yameharibika kwa kusuka ukindu wa vikapu vile. Na mwanangu kila nikipiga simu: "Mama, watoto wamevipenda, tuma vingine." Vingine!

Sasa hivi yuko mlangoni anabisha. "Mama, njoo unywe chai."

Nimejifunika shuka gubigubi. Marehemu hanywi chai.