Wadogo wa Darasa la Tano

Kalemie, 9 Machi 2025

Shikamoo mama,

Natumaini goti limepoa. Huku Kongo tunashukuru, kazi ya useremala ipo na mwili una nguvu.

Japhet wa boti ameniambia Erica sasa anashika mkia. Mwaka jana, darasa la nne, mwanangu alikuwa wa pili! Tangu waigawe shule Januari, la kwanza hadi la nne wabaki pale pale Ujiji, la tano hadi la saba wapande shule mpya mlimani, mtoto ameharibika. Mwezi wa sita nakuja kumchukua. Dada Catherine, jirani yangu fundi cherehani, atamfundisha kushona hapa Kalemie. Kama kichwa hakipo, tusimtese.

Mwanao,
Bonaventura

Ujiji, 20 Machi 2025

Marahaba mwanangu,

Goti linauma likisikia habari ya safari tu, vinginevyo ni zima. Erica hajambo, anakusalimu.

Kichwa hakipo? Kimekwenda wapi, sokoni? Nimemuuliza mbona siku hizi hanyooshi mkono darasani. Akanijibu, "Bibi, sisi ndio wadogo." Nikamwambia unatimiza miaka kumi na moja mwaka huu, udogo gani? Akaenda kulala bila kula.

Nitakwenda mwenyewe shuleni. Usikate tiketi, Bona. Nyumba hii bila huyu mtoto sitaiweza.

Mama yako,
Rozalia

Ujiji, 6 Aprili 2025

Mwanangu Bona,

Salamu nyingi. Hujanijibu, na ukimya wako naujua tangu utotoni, ni wa mtu aliyekwisha kuamua. Basi soma hii kwanza.

Nilipanda mlima nimejifunga kanga ya ugomvi. Mwalimu wake, Dainess, mtu wa Njombe, akaniamkia kwa adabu na kunipa kiti chake, hasira ikakosa pa kukaa. Akasema si Erica peke yake, darasa la tano zima limeshuka, naye hajui kwa nini.

Tukiwa tunaongea kengele ikalia, kipindi cha hesabu. Darasa tupu! Tukatoka kuwatafuta, tukawakuta bombani na ndoo. Kila asubuhi wao ndio wanaojaza mapipa ya jikoni na ya chooni. Nani kawapangia? Hakuna. Si unajua kwetu mdogo ndiye anayetumwa? Kule chini la tano wangekuwa katikati. Huku wamekuwa wa mwisho, basi la saba wanawatuma, walimu wanawatuma, na wanaitwa vifaranga. Nami nikakumbuka nilivyozoea kumtuma Erica akiwa katikati ya kusoma.

Huko chini nako la nne ndio wakubwa sasa. Wanapiga kengele, wanapandisha bendera, hata wazembe wao wanasoma.

Mwalimu Dainess akashika kichwa. "Bibi, watoto hawa hawajapungukiwa akili. Wamepungukiwa ukubwa."

Mwalimu mkuu amekubali madarasa yote yapokezane maji, baada ya masomo. Na kila Ijumaa la tano watashuka shule ya chini kuwasomesha la pili. Mpe mtoto nafasi, baba.

Mama yako

Kalemie, 27 Aprili 2025

Shikamoo mama,

Afya njema huku. Nimekusoma. Maneno ya mwalimu ni matamu, lakini mimi nataka alama. Mtihani wa Juni utaamua. Catherine ameshaandaa kitanda.

Mwanao,
Bonaventura

Ujiji, 15 Juni 2025

Bona wangu,

Salamu baadaye, furaha kwanza! Hesabu B, Kiswahili A. Hajawa wa pili, yuko katikati, lakini anabishana na mimi mpaka naomba amani. Ijumaa moja nilimfuata kwa siri nikamkuta amesimama mbele ya watoto wa la pili, rula mkononi, anasema, "Haya, rudia, usiogope." Nilipopata matokeo nililia mbele ya wauza samaki wa migebuka bila aibu. Roho yangu imetua.

Sasa niambie, unakuja?

Mama yako

Kalemie, 29 Juni 2025

Shikamoo mama,

Siji kumchukua. Nimemwambia Catherine kitanda ampe mwingine. Mwache mwanangu asome, nami nitakuja Desemba kumsalimia tu.

Mama, mimi mwenyewe niliacha shule darasa la tano. Baba alisema sina kichwa, nami nikaamini mpaka nimeota mvi. Hakuna aliyekwenda shuleni kuuliza. Sikulaumu, zama zile zilikuwa vile. Ila safari hii umekwenda, na goti lako hilo. Asante, mama. Nimefurahi kama vile umenifuata mimi.

Mwanao,
Bona