Namba Niliyokusomea, Papa

Papa uliyenilea katika harufu ya mpira na gundi,

Barua hii siiweki kwenye bahasha. Nitaibandika kwenye ubao wa banda letu, hapa njia panda ya Tshopo, mahali ulipoziba matairi ya watu maisha yako yote, ili kila aliyekutaja vibaya aisome kabla hajajaza upepo. Wewe umelala makaburini tangu msimu wa mvua uliopita, na hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa barua ndefu. Ungeniambia, "Mama, fanya fupi." Nitajaribu, lakini jambo lenyewe si fupi, na nimelikalia muda mrefu mno.

Uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako. Wenye toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walicheka kumsikia mzee mzima akimwita Mama kitoto kilichojaa vumbi la mpira hadi puani. Nilicheka nao. Ulinifundisha kutafuta tundu la upepo kwa shavu, si kwa sikio. Ulinifundisha kuzamisha tyubu kwenye beseni na kungoja, maana upepo, ulisema, hauna haraka ya kujionyesha. Zaidi ya yote ulinifundisha kidole gumba. Ulikandamiza ukucha kwenye tairi, ukauondoa, ukatazama alama. Mpira ulio hai hupokea ukucha, na uliokufa huukataa, hata ukipakwa mafuta ukang'aa namna gani.

Halafu ulikuwa na sheria yako moja ambayo mafundi wenzako waliiona ni ya ajabu. Anayejibia tairi ndiye anayepanda gari mzunguko wa kwanza. Kama umemwambia dereva kwamba tairi hili ni zima, basi panda, kaa pembeni yake, mwende hadi daraja la Tshopo na kurudi. Ulipanda malori, ulipanda pikipiki, na siku moja ulipanda hata gari la kubebea maiti, mama akakunyima chakula mpaka uoge mara mbili. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua. Aliyeonekana kwenye kiti cha pembeni mzunguko wa kwanza, huyo ndiye mwenye dhamana, na hapakuwa na haja ya karatasi wala shahidi.

Kisha likaja gari jekundu la Patron Muhindo, yule mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini anayeuza saruji na mabati kwa jumla. Lilifika juu ya lori, limefungwa kamba na kufunikwa turubai kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Lilikuwa gari la mbio, pana, na fupi kiasi kwamba kuku angeinama kupita chini yake. Ulilizunguka mara mbili, mikono nyuma, ukauliza kwa adabu yako yote, "Patron, na mashimo ya hapa Boyoma, hii itapita wapi?" Watu wakacheka, na Patron akacheka kuliko wote. Alikuwa amepata ruhusa ya kutumia kipande cha lami ya zamani kule Simi-Simi, Jumapili moja baada ya misa, yeye na rafiki zake wawili wenye magari ya aina hiyo. Alihitaji matairi ya mashindano, na akataka sisi tumchagulie.

Hapo ndipo kiburi changu kilipoanza. Nilikuwa nimetazama video kwenye simu wiki nzima, na nilikuwa na maneno ambayo wewe hukuwa nayo. Nilimweleza Patron kuhusu semi-slick, matairi ya mpira laini yenye mifereji michache, ambayo yakishapata moto hushika lami kama ulimbo. Wewe ulitaka mengine, ya mbio vilevile lakini yenye mifereji ya kukata maji, yanayoshika tangu mita ya kwanza.

"Mama, hapa mvua haiombake ruhusa," ulisema. "Na ile lami iko fupi. Mpaka mupira ipate moto, mbio imeisha. Batu banatupa kipara, weye unanunua kipara?"

Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Damu ilinipanda. Nikasema mbele ya wote, "Papa anajua mupira ya toleka. Hii iko kitu ingine."

Ulichukua kitambaa ukaanza kufuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. Patron akanitazama kwa jicho jipya, akasema anafungua depo kubwa ya matairi mjini, na atahitaji mtu anayejua mambo ya sasa. Tangu hapo sikusikia kingine.

Yale ya mpira laini niliyaagiza kwa simu kwa muuzaji mmoja wa Kampala, naye aliniapia kwamba ni mapya. Yalifika meusi ti, yameng'arishwa, siku ambayo ulikuwa umekwenda kuzika jirani. Nikatafuta zile tarakimu nne za ubavuni zinazosema tairi limetengenezwa wiki gani, mwaka gani. Zilikuwa upande mmoja tu, na ndogo. Nilizisoma kwenye tairi la kwanza, nikaenda la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa na umri wa miaka tisa. Mpira laini wa namna ile huzeeka upesi kuliko wa kawaida. Hata kama haukuwahi kugusa barabara, baada ya miaka tisa umekuwa gome. Nilijua hivyo kwa zile video, na nilijua hivyo kwako kabla sijajua kusoma.

Uliporudi ulipiga magoti ukiwa bado na shati lako la msibani, ukakandamiza kidole.

"Iko nguvu, inakataa ukucha," ulisema. "Mama, nisomee ile namba. Macho yangu haionake tena bitu bidogo."

Niliinama, nikaziona tarakimu waziwazi, nikasema, "Iko ya mwaka jana, Papa."

Ulikandamiza tena. Halafu ukatazama kidole chako badala ya tairi. "Bon," ukasema. "Alors, ni kidole njo inazeeka."

Papa, tulikuwa wawili tu. Ningeweza kusema pale pale, ukanigombeza, tukayarudisha matairi, mambo yakaisha. Lakini niliitaka ile depo. Na kuna jambo baya zaidi ya hilo, nalo ni kwamba nilitaka angalau mara moja niwe mimi mwenye haki, wewe uwe mwenye kosa. Tukayafunga. Mimi ndiye niliyesema upande wenye namba uangalie ndani.

Jumapili ile jua lilikuwa kali bila wingu, nami nikashukuru, nikijidanganya kwamba hatari pekee ilikuwa mvua. Walikuwa wamepanga mapipa kuonyesha kona. Patron alivaa kofia ya pikipiki, akawasha gari, akauliza kwa sauti, "Nani anapanda?"

Ilikuwa zamu yangu. Nilijifanya nakaza kofia ya valvu ya gurudumu la nyuma, ambayo ilikuwa imekazwa tangu asubuhi. Uliniangalia, sijui uliona nini usoni kwangu, ukampa mtu kofia yako ya kanisani akushikie.

"Nitapanda miye," ulisema.

Kona ya kwanza Patron aliipita polepole. Ya pili akakanyaga mafuta, na mkia wa gari ukaponyoka, likazunguka, likatoka kwenye lami kwa ubavu, upande wako, likagonga zege la zamani lililofichwa na majani. Patron alitoka na mchubuko. Wewe tulikutoa wanne, na nyonga yako haikupona tena sawasawa. Rafiki mmoja wa Patron alilala chini ya gari kuangalia uharibifu, akaziona zile tarakimu, akazisoma kwa sauti. Kidole chako kilikuwa kimesema kweli.

Hospitalini Patron aliingia na hasira. Mimi nilikuwa miguuni pa kitanda na sahani ya lituma ya ndizi za kupondwa aliyokupikia mama.

"Nani alisoma namba?" akauliza.

Ulinitazama mara moja. Haukuwa mtazamo mkali, na afadhali ungekuwa.

"Ni miye, Patron. Macho ilinidanganya. Mutoto aliniamini miye."

Nilishika ile sahani kwa mikono miwili, na sikufungua mdomo mpaka Patron alipotoka, wala baada ya hapo. Watu wananiona mtu wa maneno mengi, tena makali. Siku hiyo sikuwa na hata moja.

Baadaye ulirudi bandani na fimbo. Madereva wa malori walihamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Waliopita walikutania, "Papa, leo namba ngapi?" nawe ulitabasamu kana kwamba utani ule una utamu. Waliobaki ni watu wa toleka, kwa sababu tairi la baiskeli halina tarehe ya kukosea. Na mimi kila asubuhi nilikupita nikiwa nimevaa koti la depo lenye jina langu kifuani. Kule nilikagua tarehe za matairi mpaka Patron akawa anawaambia wateja kwamba hana mtu makini kama mimi. Jioni uliniuliza, "Kazi iko?" Nikajibu, "Iko, Papa." Ukaridhika, au ukajifanya umeridhika.

Nilingoja uniulize. Nilijiambia, akiuliza tu nitasema. Hukuuliza. Ulijua nani aliyesoma, maana tulikuwa wawili, na bado uliniachia mimi nichague siku. Nami nilikuwa mwoga, nikaipitisha siku hiyo, nikaipitisha tena, hadi ile asubuhi uliyokataa uji, na jioni hukuwapo.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo chako hakikuniumbua mimi, kilinisitiri. Kwenye matanga, mkubwa wa mafundi alisimama akasema, "Alikuwa fundi wa kweli. Ni macho tu ilimuangusha mwishoni." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Na mimi nilitikisa, Papa. Nilikaa kwenye mkeka wa wafiwa, mbele kabisa, nikatikisa kichwa pamoja nao. Naona haya kwa uongo niliokwambia, lakini kwa kile kichwa nilichotikisa naona haya zaidi.

Mwezi huu familia ilianza kupanga siku ya kuondoa matanga, nami nikapewa kazi ya kuandika maneno ya kukusifu. Nikaandika mistari mitatu kuhusu mikono yako, nikafika kwenye macho, kalamu ikagoma. Nikaenda nyuma ya nyumba, mama anatwanga pondu, majani ya muhogo, nikamwambia yote. Hakuacha kutwanga. Nilipomaliza alisema, "Hapana kuniambia miye. Miye sikumusema papa yako mubaya hata siku moja. Enda, uambie bale balimusema."

Nikamuuliza kama ulimwambia.

"Mutu analala na bwana yake miaka makumi tatu," akasema, "anangojea kuambiwa?"

Sikuthubutu kumkumbatia. Sidhani angekubali, na bado hatujazungumza tena vizuri.

Ijumaa nilikwenda kwa Patron. Alinisikiliza akiwa ameketi juu ya mifuko ya saruji. Nilidhani atapiga kelele. Akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Alikuja hapa na fimbo yake kuniomba pardon. Mimi sikumupa hata kiti." Halafu akanyoosha mkono, akataka funguo za depo. Nikampa, na lile koti nikaliacha juu ya meza. Sikulalamika, na sitaki mtu anihurumie.

Sasa ninakaa hapa bandani kwako. Jana alikuja mwenye toleka mmoja nisiyemfahamu, gurudumu la nyuma limelala kabisa. Nilikuwa nimekwishalifungua, tyubu iko mkononi, aliponiuliza, "Weye njo mutoto ya ule mzee alishindwa kusoma namba?"

"Ule mzee hakusoma kitu," nikamjibu. "Aliniomba nimusomee, nikamudanganya. Ni miye."

Alinitazama, akatazama mikono yangu, akaichukua tyubu yake taratibu, akainua baiskeli begani, akavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine. Nilimwacha aende. Lile jicho alilonitazama nalo nililijua, Papa. Ndilo walilokuwa wakikutazama nalo wewe kila siku, ukiwa umekaa hapa na fimbo yako, na jana limefika kwa mwenyewe.

Pumzika. Watakaouliza nitawajibu mimi.

Binti yako uliyemwita Mama