Acha na Achia

Homa Bay,
Jumatano mchana.

Kaka yangu mpendwa Motari,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Mama na wote wanaopita hapo dukani Migori. Mimi ni mzima. Samaki nakula mpaka nimeanza kunenepa, ila joto la ziwa bado halijanizoea. Mkono waendeleaje? Mama aliniambia kwa simu kwamba bado umekufa ganzi, na kwamba vifungo vya shati unafunga kwa kushoto. Miaka mitatu sasa. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu kwenye simu nitalia nawe utaanza kunitania.

Hapa chuoni Madam Celestine anatufundisha ugonjwa unaoitwa nyurosisi, yaani akili inaumia halafu mwili ndio unaolalamika. Alisimulia habari za madaktari wa Ulaya, zaidi ya miaka mia iliyopita, waliojiwa na wagonjwa wenye mikono iliyokufa bila kidonda. Kaka, nilishika meza. Hospitali walikupiga picha wakasema mfupa ni mzima, shangazi akasema umerogwa, nami siku zote nilidhani ni wewe peke yako duniani.

Daktari mmoja wa Vienna alifundisha kwamba chanzo ni tamaa ya utotoni ambayo mtu ameizika, nayo haikubali kuzikwa. Usicheke, lakini nilikutafakari wewe nikaona ulichotamani utotoni ni mandazi tu. Mwenzake, aliyekosana naye, akasema mtu hujiona duni, kisha ugonjwa unakuwa ngao yake asijaribiwe tena. Hiyo nayo niliikataa, maana wewe hujawahi kuogopa kazi. Mfaransa mmoja akasema ni mshtuko, kwamba akili ikizidiwa kipande chake hujitenga na kubaki na mambo yake. Hapo nililiona shimo la Osiri, lile mlilokuwa mkichimba dhahabu, mbele yangu.

Aliyeninyamazisha kabisa ni Mrusi mmoja na mbwa wake. Mbwa alizoezwa kwamba akionyeshwa duara chakula kinakuja, akionyeshwa umbo la yai hakuna kitu. Kisha lile yai likawa linafanywa la mviringo kidogo kidogo, likakaribia duara, mpaka mbwa akashindwa kutofautisha. Mnyama aliyekuwa mpole akaanza kulia na kung'ata kamba zake. Hakuna aliyempiga. Wenzangu waliendelea kuandika, mimi nikabaki na yule mbwa, nikistaajabu mpaka machozi yakanitoka. Mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Migori aliujuaje mkono wa kaka yangu?

Maana acha na achia ni herufi moja tu. Achia, legeza kamba. Acha, simama. Siku ile nilipowaletea uji, wewe ulikuwa umeshika kamba na rafiki yako Dishon anashuka shimoni. Mashine ya kusaga mawe ilikuwa ikinguruma. Akaita kutoka chini, ukaniuliza mimi niliyekuwa ukingoni amesema nini.

Kaka, sikusikia vizuri. Niliona aibu kumwuliza tena, kwa sababu mlizoea kukicheka Kiswahili changu cha sokoni. Nikakujibu amesema achia. Kumbe alisema acha, kitanzi kilikuwa kinamtoka. Ulilegeza, akaanguka, tukamzika kwao kisiwani Mfangano. Wazee walipouliza, ulisema ni wewe uliyesikia vibaya. Hukunitaja hata kwa Mama. Nami nikanyamaza, na wiki ile ile mkono wako ukalala.

Sijui ni nani kati ya wale wanne aliyepatia. Yule wa ngao nadhani alikuwa ananisema mimi. Ninachojua ni kwamba umenibebea neno langu miaka mitatu kwa mkono mmoja, na jambo hilo linanishangaza kuliko vitabu vyote vya hapa.

Nitakuja nyumbani Ijumaa, tusali Sabato pamoja. Jumapili tutavuka kwenda Mfangano kwa Mama Filister, mamake Dishon, nimwambie mwenyewe ni nani aliyemwangusha mwanawe. Mkono upone usipone, nitakwenda. Ukitaka kunizuia au kuniruhusu, sema neno lako polepole, nami safari hii nitauliza mara mbili.

Msalimie Mama, umwambie nimemnunulia dagaa wa kukaanga, wale omena wa ziwani. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Bochaberi