Gita la Watu Wawili

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko, kama uko. Sisi huku wazima, ila mimi nimechoka, na leo sitakuficha. Nimenunua gita la umeme. Ndiyo, kama lile ulilosema utakuja nalo ukitoka migodini Rodeshia. Nimelipata kwa dereva wa malori yanayotoka huko, pamoja na kipaza sauti chake kinachokula betri ya gari. Limefika Mbeya bila wewe.

Sasa liko kwa Fundi Salumu, seremala wa karibu na soko. Ni gita la mkono wa kulia, kama yote. Fundi alisema anaweza kuligeuza liwe la kushoto: achonge upya kile kijifupa cha shingoni kinachoshika nyuzi ili zile nene zikae juu, ahamishe vitufe vya sauti, kisha akate mbao upande wa pili ili vidole vyangu vifike kule mwisho kwenye sauti nyembamba. Lakini alinionya. "Mbao haina toba, bwana. Nikishakata, wa kulia hataliweza tena." Wa kulia ni wewe, kaka. Hapo ndipo nilipokwama.

Unakumbuka kule nyumbani Ilula, Mama alivyonichapa vidole kwa mwiko kila nilipopeleka kushoto kwenye ugali? Kumpa mtu mzima kitu kwa mkono huo lilikuwa tusi. Nikajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kusalimia kwa kulia. Gita tu ndilo lililonishinda. Wewe hukunichapa. Uliketi mbele yangu ukasema, "Niangalie kama unajitazama kwenye kioo." Nikaiga. Ila nyuzi ulinikataza kabisa kuzihamisha. "Gita ni langu, usiniharibie." Basi nikalishika juu chini, nyuzi nyembamba zikawa juu, nene chini, nikacheza hivyo hivyo.

Tulipohamia Mbeya watu walikuja dansini kututazama tukipokezana gita moja: wimbo wako, wimbo wangu, mmoja anacheza sawasawa, mwingine kinyumenyume. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa na furaha, kaka, acha niseme tu.

Halafu ukaondoka. Pale Mbalizi ulipanda lori na gita lako mgongoni, ukaniambia, "Usinune, bwana mdogo. Nitaleta la umeme, tutapokezana vilevile." Mwanzoni ulituma salamu, kisha kimya. Wanaorudi kutoka huko kila mmoja ana lake. Mmoja anasema una mke na watoto. Mwingine anatazama chini, anasema mgodi uliporomoka na majina ya waliofukiwa hakuyapata yote. Ahadi ni deni, lakini nani wa kumdai? Nimecheza kwa magita ya kuazima, yote ya kulia, nikiyageuza.

Sasa mkono umegoma. Kila baada ya dansi kifundo kinavimba, siwezi hata kukamua shati. Pale kwa Salumu kuna gita bovu la mbao, tukalipanga nyuzi kwa kushoto ili nijaribu. Siku za kwanza nilikuwa kama mtoto anayejifunza kutambaa, watu wakanicheka. Kisha vidole vikaelewa, na mkono haukuuma. Kumbe! Miaka yote hiyo nilidhani gita ndivyo lilivyo, kwamba lazima liume.

Nikaenda Ilula kumwambia Mama. Alikuwa anapanga nyanya za kuuza barabarani. "Gita hilo ni la watu wawili," akasema. "Ukilikata, umemshonea mwanangu sanda." Unajua wajomba walikuja kutaka tukuwekee matanga? Aliwafukuza na kuni mkononi, mama yetu huyo. Nikamwambia, "Mama, na mimi ni mwanao." Akaendelea kupanga nyanya zake. Lo, hilo liliniuma kuliko mkono.

Nimekukasirikia, kaka. Hukufa mbele yangu nikakulilia, wala hukurudi nikakutukana. Nikikumbuka mema yako naona aibu kukasirika, nikikaa kidogo hasira inarudi palepale. Kila nikipata kitu nakikata nusu moyoni, nusu yako, na nusu yako inakaa tu. Sijui kama u hai. Nimechoka kutojua, na nimechoka kuulizwa na watu dansini, "Yule kaka yako je?" nami natabasamu kama mjinga.

Leo asubuhi nimepita kwa Fundi nikamwambia akate. Akaniuliza tena kama nina hakika. Nikasema sina, kata. Nilisimama palepale mpaka msumeno ukapita, nikatoka nje nikalia, wapita njia wakidhani nimefiwa. Mmoja alinipa pole. Nikaipokea.

Lakini sikukuzika, Mama asikudanganye. Mlango wangu uko palepale unapoujua. Njoo hata mikono mitupu, hata na huyo mke tusiyemjua, hata uchelewe tena. Gita utalikuta, na zamu yako ipo. Litakusumbua, kila kitu kitakuwa kinyume, na mkono utakuuma. Usijali, nitakufundisha.

Ni mimi,
mdogo wako