Mureithi, Maganda Hayakuja

Rafiki yangu Mureithi,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaiacha. Tangu tukuzike Kianyaga, sikai mahali nikatulia. Nakaa, nasimama, naenda kuangalia tanuri, narudi. Mama ananiuliza, "Nyambura, unatafuta nini?" Nakutafuta wewe, na nina hasira na wewe.

Unakumbuka ulivyokuja hapa Mukurweini mara ya kwanza? Ulikuwa umetoka Kutus kutengeneza mashine ya Gachoki ya kukoboa mpunga, grisi bado mikononi. Ukanikuta nikichoma matofali kwa kuni na kulalamika kwamba miti imeisha. Ukasema, "Ngoja. Niko na mtu anatupa moto wako kando ya barabara." Baada ya siku chache lori la Gachoki likamwaga maganda ya mpunga uani kwangu. Nilikucheka. Kisha tanuri likashika, matofali yakatoka mekundu kuliko ya kuni.

Hukuishia hapo. Majivu yangu uliyapeleka kwenye kiwanda cha kahawa cha kwenu Kianyaga, yakachanganywa na maganda ya kahawa yaliyokuwa yakioza hadi mto unanuka. Mbolea iliyotoka ikaenda kwa Wakaria, yule mama mwenye kitalu cha miche ya chai. Alichotupa mmoja, mwingine alikingoja. Na katikati wewe, na pikipiki yako, ukiongea. Ulikuwa unaongea, Mureithi! Hata hospitalini Nyeri, kifua kikikubana, bado ulikuwa ukimshawishi daktari aje aone tanuri.

Sasa sikia. Mwezi haukuisha baada ya mazishi, lori likaacha kuja. Kuni nilizopata zilitosha kuchoma mara chache tu, kwa hiyo majivu yakapungua. Kule Kianyaga maganda ya kahawa yakarundikana tena, na watu wa chini mtoni wakaja kiwandani na maji machafu kwa ndoo, wakipiga kelele. Nikaenda Kutus. Moshi niliuona kabla sijafika: Gachoki alikuwa akiyachoma maganda yote nje ya kinu, na watoto wa shule ya jirani wanakohoa madarasani.

"Mimi niliongea na Mureithi," aliniambia. "Wewe nakujulia wapi?"

Alikuwa na haki. Hatukuwahi kuonana. Hata Wakaria nilimjua kwa maneno yako tu. Kwa nini hukutukutanisha hata siku moja? Ulituweka sote kichwani mwako, halafu ukaondoka nasi. Nisamehe. Lakini ndivyo ninavyohisi, na sina mwingine wa kumwambia.

Basi niliwaita wote kwangu, siku ya kufungua tanuri. Gachoki alikuja amenuna. Meneja wa kiwanda cha kahawa na Wakaria wakaanza kurushiana maneno juu ya mbolea iliyochelewa. Chai ikapoa vikombeni. Sikujua la kufanya, nikawapeleka tanurini. Gachoki akaokota tofali lenye joto bado, akaligeuzageuza kwenye kofia yake.

"Ati hii ni maganda yangu?"

Nikamwambia ndiyo. Akamgeukia meneja. "Na wewe, majivu unafanyia nini?"

Wakaanza kuongea wao kwa wao. Waliongea hadi jua likashuka. Mtu akataja jina lako, Wakaria akalia, na mimi nikalia.

Lori limerudi, lakini hatujamaliza. Gachoki anataka tujenge banda maganda yasinyeshewe, na hatujakubaliana lijengwe wapi. Lori likichelewa kidogo tu, natoka hadi barabarani kuangalia.

Jana nilisikia kwamba Wakaria amempeleka kwa Gachoki mama mmoja mfuga kuku, anayetaka maganda ya kutandika kwenye banda la kuku wake. Wameshapatana. Mimi sikuulizwa! Nilikasirika, nikazunguka uani nikisema peke yangu kama mwehu. Halafu nikaelewa, Mureithi. Walifanya bila wewe. Walifanya bila mimi pia. Nikakaa chini palepale kwenye matofali, nikacheka.

Nakuahidi jambo moja: sitafanya kama ulivyofanya. Kila mmoja wetu atajua mlango wa mwenzake, nikiwepo nisiwepo. Wewe pumzika sasa, rafiki yangu, hata kama najua hupendi kukaa kimya. Keshokutwa nashuka Kutus kumjua huyo mama wa kuku.

Ni mimi,
Nyambura