Mfuniko Mmoja Uliobaki

Jumanne, baada ya isha

Na sikuinuka. Wacha waniite kichaa Kariakoo nzima.

Mvua iliyopita maji yaliingia chumbani yakamkuta mama kitandani, na miguu yake haimbebi tena. Kila mtu alisema ni mvua tu. Ndiyo maana leo mimi na mdogo wangu Rahma tuliufuata kwa miguu ule mto uliofukiwa chini ya mtaa wetu, mpaka Jangwani unakotokeza nje. Kwenye kila mfuniko wa shimo lake barabarani tulisimama tukasikiliza. Maji yanapita, chini ya maduka na mikokoteni.

Tuliporudi tukamkuta jirani mwenye ghorofa jipya anataka kuuziba kwa zege mfuniko ulio karibu na kwetu, apate pa kuegesha gari. Ndio mmoja tu uliobaki mtaani kwetu unaofunguka, na pale ndipo zinapotolewa takataka zinazoziba mto. Pakizibwa, maji yote yanarudi chumbani kwa mama.

Nikakaa juu yake.

"Dada, inuka," jirani akasema. "Hapa hakuna mto, hapa Kariakoo."

"Basi inama usikilize."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Waje wasikilize na wao."

Mama Nasra muuza udi, aliyetucheka asubuhi tulipoinamia mifuniko, akavuka barabara na kigoda chake, akakaa pembeni yangu. Tulikaa mpaka zege ikaganda kwenye toroli na mafundi wa jirani wakaondoka.

Naogopa, nisijidanganye. Yule jirani ana watu wakubwa, na sisi tuna kigoda cha Mama Nasra tu.

Nilipomsimulia mama, nilidhani atanigombeza. Akanitazama, akasema, "Kesho mnibebe na mimi, nikakae pale juu ya mfuniko."